Bunduki za kiwandani: Mnunuzi asitosheke na jina

MSIMU wa uwindaji wa kitalii hapa nchini hufunguliwa Julai, na miezi inayoutangulia ni ya manunuzi. Magari hupelekwa gereji, mahema hushonwa viraka, na kampuni zenye uwezo huagiza bunduki za kuwakodisha wageni wasiopenda usumbufu wa kusafiri na za kwao. Katika manunuzi yote hayo, ya bunduki ndiyo hufanywa kwa maswali machache zaidi. Anayenunua gari lililotumika atauliza vipuri, ataita fundi, atalala chini aangalie kama linavuja mafuta. Anayenunua bunduki huuliza jina la kiwanda, ukubwa wa risasi na bei, kisha huandika hundi.

Utaratibu huo una kasoro, na kasoro yenyewe ni ya kibiashara kabla haijawa ya kiufundi. Raifo ya kuwindia inayotoka kiwandani kwa maelfu ni bidhaa kama pasi au cherehani. Jina lililochorwa kwenye mtutu humweleza mnunuzi historia ya kiwanda. Halimwelezi bunduki aliyoishika ilitengenezwa mwaka gani, chini ya menejimenti ipi, wala nani aliikagua. Pasi ikiharibika mtu huvaa shati lenye makunyanzi. Raifo ikikwama mbele ya mbogo aliyejeruhiwa, au ikilia yenyewe wakati mgeni anapanda gari, anayelipa si mwenye hisa. Mara nyingi ni mfuatilia nyayo, ambaye kazi yake humweka mbele ya watu wote wenye bunduki, na ambaye hakuulizwa neno siku ya kununua.

Hesabu kidogo itasaidia. Kiwanda kinachotoa bunduki kwa mamia hakiwezi kupima kila moja kwa kila jambo, hivyo hutumia sampuli. Ichukuliwe kwamba bunduki moja katika kila 100 ina kasoro fulani. Mkaguzi akiokota 20 bila kuchagua na kuzipima zote, uwezekano wa kutoona hata moja mbovu ni karibu asilimia 82. Yaani siku nne kati ya tano ataandika kwamba mambo ni shwari, na hatakuwa amesema uongo. Hali ni hiyo hiyo kwa wateja: kati ya wanunuzi 100, 99 wataapa kwamba bunduki ya kiwanda hicho haijawahi kuwasumbua, nao watakuwa wakweli. Sifa ya namna hiyo, ambayo ndiyo huuza bunduki nyingi hapa Afrika Mashariki, haina thamani kubwa.

Kwa hiyo kila kiwanda, hata kiwe hodari namna gani, kitauza bunduki mbovu kadhaa. Kinachotofautisha kiwanda kimoja na kingine ni kile kinachofanywa pale zile chache zinapoanza kurudi.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Winchester Model 70 ya Marekani. Bunduki hiyo iliingia sokoni mwaka 1936 ikifuata mfumo wa Mauser wa mwaka 1898: ukucha mpana wa chuma ubavuni mwa komeo huidaka risasi mara inapotoka kwenye magazini na kulishika ganda lake mpaka linapotupwa nje. Faida yake ni kwamba mwindaji aliyetaharuki, akivuta komeo nusu njia na kulisukuma tena, hajikuti na risasi mbili zikigombea chemba moja. Wawindaji bingwa wa bara hili waliupenda mfumo huo kwa sababu hiyo, na ndio uliozipa umaarufu bunduki za Brno kutoka Chekoslovakia, ambazo hadi leo zinaonekana kwenye kambi nyingi.

Hadi mwaka 1963 Model 70 zilikuwa zimetengenezwa takriban 581,000. Tatizo lilikuwa gharama. Mwili wa bunduki ulichongwa kwa hatua nyingi za mashine na kumaliziwa na mafundi wenye ujuzi, na ujuzi hulipwa. Wakati huo huo mshindani, Remington, alikuwa ameleta Model 700 mwaka 1962, yenye mwili wa duara kama bomba, rahisi kuchonga. Mwaka 1964 Winchester ikapunguza gharama. Ukucha mpana ukaondolewa. Michirizi ya kushikia kwenye kitako, iliyokuwa ikichongwa, ikawa inapigwa kwa muhuri. Kati ya mtutu na mti likaachwa pengo ambalo hata mtoto angeliona.

Wateja hawakuhitaji mtaalamu kuwafafanulia. Bei ya bunduki za kabla ya 1964 ikapanda kwenye soko la mitumba, na tangu hapo wanunuzi wamekuwa wakiangalia namba: zilizotengenezwa kwa muundo mpya zilianzia 700,000. Kampuni ilirekebisha mambo kadhaa mwaka 1968, na ukucha wenyewe ukarudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini sifa haikurudi kwa kasi iliyoondokea. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na Model 70 ikaja kuanza upya mwaka 2008 katika kiwanda cha FN huko South Carolina.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Model 70 ya mwaka 1964 haikuwa bunduki ya hatari. Ililenga shabaha vizuri, na komeo lake lilikifunika kitako cha ganda pande zote kuliko lile la zamani. Ilipungukiwa katika kulisha risasi, na zaidi ya yote ilipungukiwa sura. Soko liliiadhibu kwa lililoonekana kwa macho.

Sasa angalia upande wa mshindani. Model 700 ilipendeza, ililenga, na ikawa miongoni mwa raifo za komeo zilizouzwa sana duniani. Jeshi la Wanamaji wa Nchi Kavu la Marekani liliichukua kwa walengaji wake mwaka 1966 kwa jina la M40, na Jeshi la Nchi Kavu likafuata mwaka 1988 kwa jina la M24. Sifa gani tena mnunuzi angetaka? Lakini ndani yake, mahali ambapo mteja hafungui, palikuwa na triga iliyobuniwa na Mike Walker kwa ajili ya bunduki zilizoitangulia. Triga hiyo ina kipande kidogo cha chuma kisichofungwa kwa skrubu, ambacho husogea kila bunduki inapopigwa na hutakiwa kurudi mahali pake. Walalamikaji walidai kwamba uchafu, kutu au mafuta yaliyoganda vikikizuia kurudi sawasawa, bunduki inaweza kulia bila kidole kugusa triga, kwa mfano wakati kizuizi cha usalama kinapoondolewa.

Kampuni ilikana kwa miaka yote kwamba triga ina kasoro, ikisema ajali zilitokana na matunzo mabaya au uzembe wa watumiaji. Haki itendeke, uzembe upo, na kila mwenye kambi ameuona. Lakini kumbukumbu za kampuni yenyewe, zilizotolewa mahakamani, zinaonyesha kwamba mwaka 1979 kamati yake ya usalama wa bidhaa ilijadili kuziita bunduki zirudi kiwandani na kuamua kutofanya hivyo. Hoja iliyoandikwa ni kwamba ingebidi kukusanya bunduki 2,000,000 ili kuzipata 20,000 zenye uwezekano wa tatizo. Msomaji aliyefuata hesabu ya sampuli hapo juu ataitambua namba hiyo: ni moja katika kila 100.

Kwa macho ya mhasibu, uamuzi ule ulikuwa na mantiki. Gharama za kukusanya ni za mwaka huu, zina tarakimu, na zinaingia kwenye mizania. Gharama za ajali ni za miaka ijayo, na huenda zikaangukia menejimenti nyingine. Ndivyo kampuni nyingi zinavyofikiri, si za bunduki tu. Ila hesabu ya kufunga vitabu haikuja ilivyotarajiwa. Kwa mujibu wa kipindi cha televisheni ya CNBC cha mwaka 2010, Walker mwenyewe alikuwa amependekeza marekebisho mwaka 1948 ambayo yangeongeza senti 5.5 za dola kwa kila bunduki. Suluhu ya kesi ya pamoja iliyotangazwa mwaka 2014 ilihusu bunduki zipatazo milioni 7.5 za aina mbalimbali. Kwa makadirio ya juu juu, kuzitengeneza zote na marekebisho yale kungegharimu dola 412,500. Mwaka 1994 jopo la raia mahakamani huko Texas liliamuru kampuni imlipe mtu mmoja aliyejeruhiwa dola milioni 17. Na mwaka 2000 mtoto wa miaka tisa aliuawa huko Montana na risasi iliyotoka kwenye Model 700 ya familia yake. Huyo hana safu katika mizania yoyote.

Triga mpya ilipokuja mwaka 2006 haikumaliza mambo. Aprili 2014 kampuni iliziita zirudi bunduki zilizotengenezwa tangu Mei 2006, baada ya kugundua kwamba gundi iliyozidi kiasi wakati wa kuunganisha ingeweza kusababisha bunduki ilie bila kukusudiwa. Muundo mpya ulikuwa mzuri, tone la gundi likauharibu. Hilo ni suala la ubora kwa maana yake halisi: mfanyakazi, chupa ya gundi, na msimamizi ambaye hakuangalia, kwa miaka minane.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili methali hiyo inamfaa mnunuzi nusu tu, kwa sababu Winchester iliadhibiwa upesi kwa kosa la sura, na Remington ikauza kwa miongo kadhaa huku malalamiko yakirundikana kwenye mafaili. Na hakuna serikali iliyoweza kuingilia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa za walaji haikuipa tume hiyo mamlaka juu ya bunduki, na mwaka 1976 Bunge likakazia jambo hilo. Tume inaweza kuamuru pasi iondolewe madukani. Raifo haiwezi kuigusa. Bunduki ya Marekani ikirudishwa kiwandani, ni kwa hiari ya kiwanda.

Si kwamba bei nafuu ndiyo dalili ya ubovu. Savage Model 110, iliyotoka mwaka 1958, ni ushahidi. Katika bunduki nyingi, umbali kati ya komeo na ganda la risasi hupatikana kwa fundi kuchonga na kujaribu, kuchonga na kujaribu. Savage iliweka nati kubwa nje ya mtutu: mfanyakazi huingiza geji, hukaza mtutu mpaka uguse, kisha hufunga nati. Nati hiyo haipendezi, na wapenda bunduki waliicheka kwa miaka mingi. Lakini hufanya kipimo muhimu kuliko vyote kitoke sawa kila siku, hata kama aliyekaza ameajiriwa mwezi uliopita. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1988 na kuinuka tena, na iliinuka kwa bunduki hiyo hiyo. Nafuu iliyofikiriwa kwenye muundo ni tofauti na nafuu iliyopatikana kwa kumfukuza mkaguzi.

Wala ujuzi haununuliwi pamoja na jina. Remington ilipoinunua Marlin, kiwanda mashuhuri cha raifo za wenzo, ilifunga karakana ya North Haven mwaka 2011 na kuhamisha mashine. Mashine zilikuwa zimechakaa, na wazee waliojua kuzibembeleza hawakuhama nazo. Bunduki zilizofuata zilikuwa na vioo vya shabaha vilivyopinda na miti isiyokaa vizuri, na wateja wa Marekani wakazibandika jina la utani. Ruger ilipoichukua Marlin mwaka 2020 kwa takriban dola milioni 30, haikuharakisha. Zaidi ya mwaka ulipita kabla bunduki ya kwanza haijatoka. Mnunuzi wa Marlin ana majina matatu chini ya jina moja, na bei za mitumba zinajua tofauti hiyo.

Ulaya kuna utaratibu mwingine. Katika nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa majaribio ya silaha, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Jamhuri ya Cheki, Finland na, tangu mwaka 2008, Umoja wa Falme za Kiarabu, kila bunduki hupigwa risasi maalumu yenye shinikizo la asilimia 25 zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida kabla ya kuuzwa, kisha hupigwa chapa. Chapa hiyo ni kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye mtutu. Lakini mnunuzi aelewe imepima nini: imepima kwamba chuma hakikupasuka siku hiyo. Haikupima triga, haikupima magazini. Na hata chuma kina siri zake. Mwaka 2004 Sako ya Finland, kiwanda ambacho wengi hukiona kuwa mfano wa uangalifu, ililazimika kuziita zirudi raifo zenye mitutu ya chuma kisichoshika kutu baada ya baadhi kupasuka. Sifa ya Sako haikuanguka, na sababu ni kwamba iliziita mapema. Katika kupima kiwanda, tangazo la kuita bidhaa zirudi lisisomwe kama doa. Kiwanda ambacho hakijawahi kuita hata bunduki moja ama kina bahati ya ajabu, ama hakisikilizi simu.

Yote haya yana maana gani kwa kampuni yenye kitalu? Kwamba ukaguzi ambao kiwanda hakikuufanya utafanyika kambini, ama kabla ya mgeni hajafika, ama mbele yake. Na unaweza kufanyika kwa gharama ndogo. Risasi za .375, ambazo ndizo ndogo kabisa zinazokubalika kwa wanyama wakali, ni ghali, na hakuna mhasibu atakayeidhinisha 100 za kuchezea. Lakini risasi bandia zisizo na baruti hutumika tena na tena. Bunduki inayokwama mara moja katika kila mara 50 ina nafasi mbili kati ya tatu za kupita jaribio la kulisha risasi 20 bila kuonyesha lolote. Ikilishwa 100, nafasi yake ya kujificha hushuka hadi karibu asilimia 13. Ilishwe haraka na polepole, mtutu ukiwa juu na ukiwa chini, komeo likivutwa nusu na kurudishwa, maana hivyo ndivyo mgeni atakavyolivuta nyati akigeuka. Ni kazi ya asubuhi moja.

Triga nayo ina majaribio yake, bunduki ikiwa tupu na imehakikishwa kuwa tupu na watu wawili. Kizuizi cha usalama kikiwa kimefungwa, triga ivutwe kwa nguvu na kuachwa, kisha kizuizi kiondolewe. Komeo lifungwe kwa kishindo mara kadhaa. Kitako kigongwe kwa nyundo ya mpira. Ikifyatuka hata mara moja, isipelekwe porini, na fundi asiambiwe "iangalie tu". Jaribio lirudiwe katikati ya msimu, vumbi likishaingia, kwani triga iliyo safi mwezi Julai si ile ya Septemba. Mafuta mazito ambayo vijana wa kambi hupenda kuyamimina humo kwa nia njema ni adui mkubwa kuliko ukavu.

Risasi zisisahauliwe, ingawa zingestahili makala yake. Winchester ilipoleta .458 Magnum mwaka 1956 ilijaza baruti nyingi kwenye ganda fupi kwa kuishindilia. Katika miaka iliyofuata wawindaji wa Afrika walilalamika kwamba risasi zilizokaa kwenye joto zilipiga kwa unyonge, na bunduki ikalaumiwa kwa kosa la baruti. Boksi la risasi lenye tarehe isiyojulikana ni sehemu ya bunduki yenye tarehe isiyojulikana.

Lililobaki ni la haraka. Katika kabati za kampuni kadhaa bado zimo Model 700 za miaka ya 1960 na 1970, nyingine zilizoachwa na wageni, nyingine zilizorithiwa pamoja na kitalu. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1982 zina jambo la ziada: komeo halifunguki mpaka kizuizi cha usalama kiondolewe, kwa hiyo hata kutoa risasi kunapitia hatua ile ile inayolalamikiwa. Kiwanda hakitazitengeneza. Muda wa kudai chini ya suluhu ya kesi ya pamoja ulikwisha mwaka 2020, na mwaka huo huo, kwa mara ya pili baada ya 2018, Remington iliomba kinga ya mufilisi na kuuzwa vipande vipande. Karakana ya Ilion, New York, iliyofanya kazi tangu mwaka 1828, ilifungwa Machi 2024. Triga mpya za watengenezaji wengine zipo, na bei yake ni ndogo kuliko ada ya mgeni mmoja kwa siku moja. Mkurugenzi aziandike kwenye bajeti ya mwaka huu, na mpaka zifike, bunduki hizo zibaki kabatini bila risasi.